Mwanaisimu, mlumbi, mzawa: nani ni mtaalamu wa lugha?

Juzi nikiwa ndani ya daladala, redio ikiwa juu, mtangazaji alimkaribisha mgeni wake kuwa ni "mwanaisimu mbobezi". Mgeni, mzee wa Kipemba mwenye sauti ya upole, alizieleza pepo za baharini, kaskazi na kusi, kwa namna iliyonifanya nitamani nisifike kituoni. Kisha akaulizwa neno shule limetoka wapi. Akajibu: Kiarabu. Abiria wawili mbele yangu wakatikisa vichwa kukubali, maana mwanaisimu kasema. Shule ni neno la Kijerumani, Schule, lililobaki kwetu tangu Wajerumani walipoitawala Tanganyika.

Mzee simlaumu hata kidogo. Alibebeshwa jina lisilo lake.

Mwanaisimu ni mtu anayeichunguza lugha kisayansi: sauti, maumbo ya maneno, miundo ya sentensi, maana, historia. Ajuaye lugha nyingi anaitwa mlumbi. Anayehamisha maandishi kutoka lugha moja kwenda nyingine ni mfasiri, anayehamisha mazungumzo ni mkalimani. Aliyeipata lugha kwa mama yake ni mzawa wa lugha hiyo. Mtu mmoja anaweza kuwa yote haya, lakini kuwa mmoja hakumfanyi kuwa mwingine.

Neno linaloniuma zaidi ni mtaalamu, kwa sababu historia yake yenyewe inatuonya. Mzizi wake ni ule wa Kiarabu uliotupa elimu. Muallim, anayefundisha, tukamfanya mwalimu. Ile mu- ya Kiarabu ikaingia vizuri kwenye ngeli yetu ya watu, tukapata na walimu. Sasa taallama ni kujifunza, na mutaallim kwa Waarabu ni mwanafunzi. Ajuaye ni alim, na wingi wake ndio huu tunaouita maulamaa. Kwa hiyo mtaalamu tunayempa kiti cha mbele, kwa asili ya jina lake, ni mtu wa kujifunza. Mtu hujifunza kitu fulani, kwa hiyo utaalamu usiotajiwa kitu haujakamilika.

Chukua kipilefti, ule mzunguko wa barabara. Kibao cha Kiingereza kilimwambia dereva akae kushoto, keep left. Sikio la Mswahili likasikia ki- ya kiti na kikombe, na wingi ukawa vipilefti. Kitabu, kutoka kitab ya Kiarabu, kilipita njia hiyohiyo kikazaa vitabu. Mtoto wa miaka mitano anasema vitabu bila kufundishwa na yeyote. Huo ni umilisi wa mzawa, yaani ujuzi wa lugha alionao kichwani, na hakuna shahada inayoweza kuchukua nafasi yake. Kueleza kwa nini ki- ile ilichukuliwa kuwa kiambishi ndiyo kazi ya mwanaisimu, na huenda akaieleza vizuri huku matamshi yake ya Kiswahili yakichechemea. Wote wawili tunawahitaji, kila mmoja kwa swali lake.

Ndiyo maana kumthibitisha mtaalamu si suala la kuuliza tu kama ana cheti. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lililoundwa mwaka 1967, lina kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili, na hilo ni jambo jema, kwani mtafuta mkalimani anajua pa kuanzia. Lakini cheti cha fonolojia, taaluma ya mifumo ya sauti za lugha, hakithibitishi kwamba mwenye nacho anajua asili ya maneno. Aliyebobea katika Kimakonde hajawa shahidi wa Kimvita, lahaja ya Kiswahili ya Mombasa. Hata mimi nikiulizwa neno la Kimvita, kabla ya kufungua kamusi ningempigia simu mtu aliyezaliwa Mombasa. Lebo ya kweli hutaja eneo: mtafiti wa sintaksia (miundo ya sentensi) ya Kihaya, mfasiri wa Kifaransa na Kiswahili, mzawa wa Kipemba. Hii ya mwisho nayo ni lebo ya heshima kamili, haihitaji kupandishwa cheo.

Basi, ndugu mtangazaji, ukimwalika tena yule mzee, na tafadhali mwalike, mtambulishe hivi: "mzawa wa Pemba, mjuzi wa lugha ya wavuvi". Kisha muulize habari za kusi.