Kitenzi cha lugha ya kubuni, na mtego wa "amelala"

Lugha ninayoiunda nimeipa jina Soreni. Daftari lake la kwanza lilikuwa na viambishi tisa vya kitenzi, nami nikaamini nimebuni kitu kipya kabisa. Kisha nikajaribu kusema "mtoto amelala". Nilichukua mzizi tal, "lala", nikaupachika -un, kiambishi cha tendo lililokwisha. Pembeni ya talun nikaandika maana: yuko usingizini.

Nani aliamua hivyo? Si mimi. "-me-" ya "amekula" hutuambia kula kumekwisha, lakini ya "amelala", "amesimama" na "amevaa kofia" hutuambia yaliyopo sasa hivi: usingizi unaendelea, kofia iko kichwani. Tuliolelewa na Kiswahili hatulitambui jambo hili, ni kama harufu ya nyumba yetu wenyewe. Lilikuwa limeingia daftarini mwangu bila kubisha hodi.

Njeo hueleza tendo lilitokea lini. Hali hueleza tendo lenyewe likoje: linaendelea, limekamilika, limeacha athari, hurudiwarudiwa. "-li-" na "-ta-" ni njeo. "Hu-" ni hali, na "-me-" nayo naiweka huko. Muunda lugha asipozitenganisha mapema, ugomvi utamngoja mbele.

Kiesperanto, nayo lugha ya kubuni, kinashuhudia. L. L. Zamenhof alikitoa Warsaw mwaka 1887 na vitenzi vyepesi ajabu: -as kwa sasa, -is kwa uliopita, -os kwa ujao, bila kitenzi hata kimoja kinachokiuka kanuni. Utata ukazuka kwenye kauli ya kutendwa. Nyumba ilijengwa mwaka fulani: useme estis konstruata au estis konstruita? Kundi moja lilisema viambishi hivi, -ata na -ita, ni vya njeo. Estis imeshabeba wakati uliopita, kwa hiyo -ita ingemaanisha "ilikuwa imeshajengwa". Kundi la pili likasema hapana, ni hali: ujenzi umekamilika, basi. Wakaitwa atistoj na itistoj, na Akademia ya Kiesperanto iliamua kwa upande wa -ita mwaka 1967, miaka 80 tangu lugha izaliwe. Tofauti ni irabu moja tu.

Marc Okrand, alipounda Kiklingoni, lugha ya viumbe wa filamu za Star Trek, hakukipa njeo hata moja. Kina -pu' kwa tendo lililokamilika, na -ta' kwa lililokamilika kama mtendaji alivyokusudia. Kukusudia, ndani ya kitenzi! Usiku huo nilianza daftari jipya.

Soreni sasa haina njeo. Kila kitenzi sharti kichague moja kati ya tatu: tale, usingizi unamchukua, talun, alilala na usingizi umekwisha, talori, yuko usingizini. Wakati hutajwa mara moja mwanzoni mwa masimulizi, na vitenzi vyote vinavyofuata huuegemea, kama "-ka-" inavyoiegemea "-li-" katika "nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi". Hili nimeliazima kwetu kwa makusudi, maana sijaona njia nzuri zaidi ya kusimulia.

Kilichonisumbua wiki hii ni "jua". Kujua hakufiki mwisho kama kujenga. Mwishowe nimeacha kukitafutia mzizi wake. Nimetumia fin, "gundua". Finori ni "najua". Finun ni "niligundua, kisha nikasahau".