Meli ya Duara, Saluni ya Kubembea na Vioja Vingine vya Majini

Haipiti wiki bila mtu kunitumia picha ya chombo cha ajabu cha majini, na karibu kila picha huja na swali lilelile: je, kitu hiki ni cha kweli, na kama ni cha kweli, mbona hatukioni hapa ziwani? Kazi yangu ni kuchora ramani za boti na kupima uthabiti wa vyombo hapa Mwanza kabla havijaanza kubeba watu na mizigo, kwa hiyo wanaoniuliza hawajakosea mlango. Nimeona niwajibu wote mahali pamoja. Picha zilizotungwa na kompyuta, ambazo siku hizi ndizo nyingi, nimeziweka kando kwa sababu hizo hujiumbua zenyewe kwenye mstari wa maji: utakuta ghorofa sita za vioo zimekalia bodi (mwili wa chombo) jembamba, chombo kimezama kimo cha goti, na hakuna hata tarakimu moja ya kina iliyoandikwa kwenye omo (mbele) wala kwenye tezi (nyuma). Zinazobaki ni za kweli, na kwangu mimi hizo ndizo zenye utamu.

Kila ninapotazama kioja cha aina hii najiuliza maswali mawili tu, yaleyale ninayomuuliza mwenye boti ya dagaa pale Kirumba. La kwanza ni kwamba uzito wake umekaa wapi. La pili ni kwamba kikigoma katikati ya ziwa, nani atafanya nini.

Picha inayonifikia mara nyingi zaidi ni ya meli ya kivita ya Urusi iliyo duara kamili, iitwayo Novgorod, ambayo ilishushwa majini mwaka 1873 kwa ubunifu wa Admirali Andrei Popov. Kipenyo chake kilikuwa takriban mita 31, ilibeba mizinga miwili mizito, na ilisukumwa na rafadha sita, yaani pangaboi za majini, zilizopangwa upande wa nyuma. Simulizi inayoambatana na picha hudai kwamba kila ilipopiga mzinga meli nzima ilizunguka bila kujizuia, nayo imetiwa chumvi nyingi: kilichogeuka mwanzoni ni jukwaa la mzinga, kwa sababu vifungio vyake vilikuwa dhaifu, na baadaye viliimarishwa. Popov hakuwa mjinga. Alitakiwa kulinda maji ya kina kifupi katika Bahari Nyeusi kwa chombo chenye silaha nzito na ngao nene, na umbo la duara hubeba uzito mkubwa bila kuzama sana, ndiyo maana takriban tani 2,500 zilielea kwenye kina cha mita 4 hivi. Gharama ilijitokeza kwingine. Maji yanayopaswa kupishwa na omo butu namna ile ni mengi mno, hivyo kwa injini zake zote meli ilienda kilomita 12 kwa saa, na dhidi ya wimbi kubwa ilipungua zaidi. Kwa swali langu la kwanza Novgorod inafaulu vizuri kabisa. Kilichoishinda ni kwenda.

Kioja ninachokipenda kuliko vyote ni saluni ya kubembea ya Henry Bessemer. Huyu ndiye Mwingereza ambaye jina lake liko kwenye historia ya feleji, yaani chuma cha pua, maana njia yake ya mwaka 1856 ya kuzalisha feleji kwa kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka ndiyo iliyoishusha bei ya feleji duniani. Tajiri huyo alikuwa na udhaifu mmoja, nao ni kwamba bahari ilimchafua moyo vibaya sana. Baada ya kuteseka kwenye safari kati ya Calais na Dover mwaka 1868, aliamua kwamba abiria hawapaswi kuyumba hata kama meli inayumba. Alibuni ukumbi mzima wa abiria uliotundikwa kwenye mhimili katikati ya meli, wenye urefu wa takriban mita 21 na upana wa mita 9, ambao ungebaki umelala sawasawa huku bodi likiinama kulia na kushoto kuuzunguka. Hakuuacha ubembee ovyo: mtu mmoja alikaa akitazama pimamaji, kile kipimo cha usawa chenye kiputo cha hewa, na kila kiputo kilipohama alifungua vali za mitambo ya maji yenye shinikizo ili kuurudisha ukumbi mahali pake.

Hebu jiweke kwenye kiti cha mtu huyo. Meli inaanza kuinama, kiputo kinachelewa kidogo, jicho linakiona, mkono unavuta mpini, maji yanaingia kwenye silinda, na ukumbi wenye uzito wa tani nyingi unaanza kusogea wakati ambapo meli imeshaanza kurudi upande wa pili. Mtambo unaorekebisha kwa kuchelewa unaweza kuliongeza yumbo badala ya kulipunguza, kwa sababu uzito unasukumwa upande ambao tayari wimbi linaukandamiza. Bessemer alikuwa amejenga mfano kwenye bustani ya nyumba yake nao ukamridhisha, lakini bustani haina wimbi linalobadili nia.

Meli yenyewe, iliyopewa jina la Bessemer, ilijengwa Hull kwa usanifu wa Edward James Reed na kushushwa majini Septemba 1874, ikiwa na urefu wa takriban mita 107 na magurudumu manne ya makasia ubavuni. Katika safari ya majaribio ya Aprili 1875 iligonga gati la Calais na kuvunja gurudumu mojawapo. Mei 8 mwaka huohuo ilibeba abiria kwa mara ya kwanza, saluni ikiwa imefungwa isibembee, na ilipofika Calais ilikataa kutii usukani ikaligonga gati kwa mara nyingine. Wawekezaji wakakimbia, na mwaka 1879 ikauzwa kuwa chuma chakavu. Reed aliuhamisha ule ukumbi nyumbani kwake Kent, ambako baadaye ulitumika kama ukumbi wa mihadhara wa chuo cha kilimo cha bustani, hadi mabomu ya Vita Kuu ya Pili yalipoubomoa. Kwa hiyo ukumbi uliobuniwa usiyumbe baharini ulitulia kweli, ila nchi kavu.

Watu huishia hapo wakacheka. Ningependa wasogee hatua moja mbele, kwa sababu leo mafundi wanaokarabati mitambo ya umeme wa upepo baharini huvuka kutoka kwenye meli kupitia daraja linalobaki limetulia wakati meli inapanda na kushuka, na kanuni yake ni ileile ya Bessemer: miguu inayosukumwa na mafuta yenye shinikizo ili kusahihisha mwendo wa bodi. Tofauti ni kwamba jicho la mtu na pimamaji vimeondolewa, na mahali pake pamewekwa vihisio na kompyuta inayosoma mwendo mara nyingi katika kila sekunde. Bessemer alikosa kasi ya kufikiri, wala hakukosa wazo. Hata hivyo, katika miaka ileile ya 1870, mhandisi mwenzake William Froude alikuwa akionyesha kwamba yumbo la meli hupungua sana ukiongeza tu mapezi marefu ya chuma kwenye mapindo ya chini ya bodi, kitu ambacho hakina vali, hakina mtu wa kukiangalia, na hakiwezi kugoma. Mapezi hayo yako kwenye meli nyingi duniani hadi leo, na hakuna anayezisambaza picha zake.

Sisi hapa hatupimi kwa kiputo. Chombo kikiwa kimetulia majini tunatundika timazi kwa uzi mrefu, na ncha yake tunaiacha izame kwenye ndoo ya oili chafu ili isichezecheze, kisha nyuma ya uzi tunaweka rula. Mifuko ya mchanga iliyopimwa uzito inahamishwa kutoka ubavu wa kushoto kwenda wa kulia, nami nasoma uzi umehama milimita ngapi. Uzi ukihama kidogo, kitovu cha uzito kiko chini na chombo kinarudi chenyewe kinapoinama. Ukihama sana, kuna mtu amejenga kitu kizito juu. Mara nyingi ni paa la chuma lililowekwa kuwakinga abiria na jua, ambalo taratibu limegeuka kuwa stoo ya magunia na baiskeli. “Mzee wangu, hilo paa libaki, lakini liwe la turubai,” ndiyo kauli ninayoitoa mara nyingi zaidi katika kazi hii, na jibu lake huwa ni kwamba chuma kinapendeza.

Gari linaloogelea silitumii muda mwingi. Amphicar lilitengenezwa Ujerumani Magharibi kuanzia mwaka 1961, yakatoka magari 3,878, na majini lilisukumwa na rafadha mbili za nyuma huku magurudumu ya mbele yakitumika kama usukani. Rais Lyndon B. Johnson wa Marekani alikuwa nalo shambani kwake Texas, na alipenda kuwapakia wageni, kuteremka nalo kwenye mteremko huku akipiga kelele kwamba breki zimekufa, kisha kutumbukia nalo ziwani. Enzi za foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi nilikuwa nikiulizwa sana kwa nini tusiagize magari haya. Lilikwenda kilomita 11 hivi kwa saa majini, mwendo wa mtu anayekimbia polepole, na baada ya kuogelea lilihitaji kutiwa grisi sehemu kadhaa, mojawapo ikiwa chini ya kiti cha nyuma. Tangu daraja la J. P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, swali hilo limekufa lenyewe.

Wengi hushangaa zaidi kusikia kwamba Abraham Lincoln ana hataza ya chombo cha majini, namba 6,469 ya Mei 22, 1849, naye ndiye rais pekee wa Marekani aliyewahi kumiliki hataza. Alipendekeza mifuko ya hewa iliyokunjwa ubavuni mwa boti, ambayo ingeteremshwa na kujazwa hewa pale boti inapokwama kwenye fungu la mchanga. Hesabu yake iko sawa, kwani kila mita moja ya ujazo ya hewa iliyozamishwa hunyanyua takriban tani moja. Haikuwahi kutengenezwa kibiashara. Nadhani ni kwa sababu boti ingelazimika kubeba milingoti, kamba na mifuko hiyo siku zote kwa ajili ya siku moja ya kukwama, lakini leo mifuko ya hewa ni zana ya kawaida ya kunyanyulia vyombo vilivyozama. Wazo lilitakiwa kushuka kutoka kwenye boti na kukaa stoo ya waokoaji.

Meli ya barafu ni ya kweli nusu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mvumbuzi Geoffrey Pyke aliwashauri Waingereza wajenge uwanja wa ndege unaoelea, wenye urefu wa takriban mita 600, kwa barafu iliyochanganywa na pumba za mbao kwa kiasi cha asilimia 14. Mfano wake wenye urefu wa mita 18 ulijengwa mwaka 1943 kwenye Ziwa Patricia nchini Kanada, ukadumu hadi kiangazi. Anayeficha barafu yake chini ya maranda ili iwahi samaki anajua mbao huchelewesha joto. Kilichoukwamisha mpango ni kwamba barafu hulegea na kupinda kwa uzito wake yenyewe isipohifadhiwa kwenye ubaridi mkali wakati wote, hivyo ingehitaji mitambo mikubwa ya ubaridi ndani yake.

FLIP, ile meli inayosimama wima kama imezama nusu, si ajali. Ilijengwa mwaka 1962 kwa ajili ya wanasayansi wa bahari wa Marekani, ikiwa na urefu wa mita 108, haikuwa na injini ya kujisukuma, na ilipofikishwa mahali pa kazi ilijaza maji kwenye matangi ya nyuma hadi ikasimama, mita 91 zikiwa chini ya maji. Ndani yake vifaa kama sinki viliwekwa viwili viwili, kimoja cha meli iliyolala na kingine cha meli iliyosimama. Mguu mrefu namna ile hautikiswi na mawimbi ya juu, ndiyo faida yake. Ilistaafishwa mwaka 2023, na hata ingehamishiwa kwetu isingepata pa kusimama, maana Ziwa Victoria kwenye kina chake kikubwa kabisa lina mita 80 na kidogo.

Kimoja ambacho watu wa hapa wana haki ya kujivunia ni Flipflopi, jahazi la urefu wa mita 9 lililojengwa Lamu chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda kwa tani kama 10 za taka za plastiki, kisha likavikwa ndala 30,000 zilizookotwa. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2021 likaingia Ziwa Victoria na kutembelea Kenya, Uganda na Tanzania. Kinachonivutia si rangi za ndala bali ni seremala aliyekubali kulichonga plastiki kwa tezo: ubao huo hupinda zaidi ya mvule, hutanuka juani, na unahitaji mataruma (mbavu za chombo) manene zaidi ili bodi lisilegee kwenye viungo.

Nimeiweka mwisho meli yenye minara inayozunguka kwa sababu hiyo ndiyo ninayoulizwa kwa dhati. Mwaka 1924 Mjerumani Anton Flettner aliondoa tanga kwenye meli iitwayo Buckau na kusimamisha minara miwili yenye kimo cha mita 15 hivi, iliyozungushwa kwa mota. Mpigaji anayechonga mpira wa adhabu ukapinda kuzunguka ukuta wa mabeki anatumia kanuni ileile, iliyoelezwa na Heinrich Gustav Magnus mwaka 1852: kitu kinachozunguka ndani ya upepo husukumwa kuelekea ubavu. Buckau, ikiwa imebadilishwa jina, ilivuka Atlantiki na kufika New York mwaka 1926, lakini mafuta yalikuwa rahisi na hakuna aliyeona haja. Mwaka 2010 meli ya mizigo E-Ship 1 ilianza kazi ikiwa na minara minne ya mita 27, na sasa wenye meli za mizigo wanaifunga tena kwa sababu mafuta si rahisi tena. Mnara ukigoma, meli inaendelea na injini yake, kwa hiyo swali langu la pili limejibiwa. La kwanza ndilo linalohitaji timazi, kwani mnara ni uzito uliowekwa juu.

Kwa ziwa letu ningetazama upepo kwanza. Mnara hufanya kazi vizuri upepo ukipiga ubavuni, na hauna msaada wa maana upepo ukitoka nyuma kabisa au mbele kabisa. Upepo wa kusini-mashariki ndio unaotawala ziwa sehemu kubwa ya kiangazi, na Bukoba iko kaskazini-magharibi mwa Mwanza, karibu kwenye mstari huohuo, hivyo meli ya abiria ya Bukoba ingeenda na upepo mgongoni na kurudi nao usoni. Njia ya Port Bell nchini Uganda, ambayo MV Umoja hupita ikiwa imebeba mabehewa ya reli, huelekea kaskazini, na upepo huo huupata kwa mshazari. Hapo ndipo ningeanza kupiga hesabu, mnara mmoja tu, kwenye omo, mahali ambapo mabehewa hayapiti.