Huduma ya afya ikihamishiwa fungu, nani anapungukiwa?

Kugawa fedha mpya za afya si kazi ngumu. Ugumu huanza pale fedha zisipoongezeka, na kila huduma inayoanzishwa ikalazimika kumega fungu la nyingine. Muuguzi anayepangiwa kliniki mpya ametolewa wodini. Chumba cha upasuaji kikitengewa wagonjwa wa nyonga kila Jumanne, wa ngiri watasubiri zaidi.

Katika vikao vya bajeti hubishaniwa sana ugonjwa upi ni muhimu zaidi, saratani au figo. Ubishi huo hauishi. Afadhali tuulize: tukipunguza kidogo hapa, wagonjwa watapoteza nini, na kiasi hichohicho kikienda kule, watapata nini? Chukua maumivu ya kawaida ya kiuno. Kama mgonjwa hana dalili za hatari, mfano ganzi miguuni, homa, kushindwa kuzuia mkojo au kukonda bila sababu, picha ya eksirei ya mapema kwa kawaida haibadilishi tiba yake. Picha hizo zikipungua, mashine na mhudumu wake wanabaki kwa waliovunjika mifupa na wenye kikohozi kisichoisha. Hapo hakuna aliyedhulumiwa.

Si maamuzi yote yako hivyo, na hesabu peke yake hupotosha. Mwaka 1990 jimbo la Oregon, Marekani, lilipanga tiba za kulipiwa na mpango wake wa watu wa kipato cha chini kwa kulinganisha gharama na manufaa. Kufunika jino kukawekwa juu ya upasuaji wa mimba iliyotunga nje ya kizazi, hali inayoweza kuua! Jino lilipanda kwa sababu tiba yake ni ya gharama ndogo. Orodha ikapangwa upya, safari hii kwa kuzingatia pia maoni ya wananchi na busara ya wajumbe wa tume iliyoiandaa, na mpango ukaanza 1994.

Kuacha vigezo na kupima sura za watu ni kubaya zaidi. Mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo zilipokuwa chache huko Seattle, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kamati iliketi faragha kuchagua wa kutibiwa, ikiangalia kazi, ndoa, hata kwenda kanisani.

Kwa hiyo vigezo vijulikane kabla ya maamuzi: uzito wa ugonjwa, manufaa ya tiba, gharama, na nani amekuwa akiachwa nyuma siku zote. Hospitali yako ikitangaza kusitisha huduma, omba sababu kwa maandishi. Uliza waliokuwa wakiitumia wataelekezwa wapi, rufaa inapelekwa kwa nani, na lini uamuzi utapitiwa upya. Ukijibiwa tu kwamba fedha hakuna, usiridhike. Mara nyingi fedha zipo, ila zimepelekwa pengine, na una haki ya kutajiwa ni wapi.