Faili za watu zinazojipenyeza kwenye kifurushi chako: CMake na Meson

Kifurushi cha programu kikitoka Goma, mtumiaji wa Bukavu au Rutshuru mara nyingi anakipakua kwa mega za simu. Sasa kifungue ukitazame: `include/gtest`, `include/gmock`, `lib/libgtest.a`, faili za pkgconfig. Vifaa vya majaribio vya GoogleTest vimesafiri na programu ya hesabu za duka! Sababu ni kwamba kwenye CMake (chombo cha kujenga programu, kama Meson) ukiingiza mradi wa nje kwa `add_subdirectory()` au FetchContent (moduli yake ya kupakua mradi wa nje), kanuni zake za `install()` zinaungana na zako, na `cmake --install` inazitekeleza zote.

Angalia kwanza kama mradi wenyewe una swichi. GoogleTest inayo: `set(INSTALL_GTEST OFF)`, iandikwe kabla ya kuuingiza. Ikiwa mradi unadai CMake ya zamani kuliko 3.13, `option()` yake inaweza kuifuta thamani yako kimyakimya. Ongeza `set(CMAKE_POLICY_DEFAULT_CMP0077 NEW)` ili iiheshimu.

Pasipo swichi, andika `add_subdirectory(nje/maktaba EXCLUDE_FROM_ALL)`. Kanuni zake za kusakinisha hazitaitwa tena, na kitajengwa kile tu ambacho programu yako inakitegemea. Kwenye `FetchContent_Declare` neno hilo linakubalika tangu CMake 3.28.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Kama maktaba ile ni ya `.so` (faili ya pekee inayopakiwa programu inapoanza), programu itaenda vizuri ndani ya folda ya ujenzi, kwa kuwa CMake imeandika ndani yake RPATH (njia ya folda ambamo programu inatafuta maktaba zake) inayoelekea huko. Wakati wa kusakinisha RPATH hiyo inaondolewa, na maktaba haikunakiliwa. Kwenye mashine ya mtu mwingine utasomewa `cannot open shared object file`. Mimi napendelea `set(BUILD_SHARED_LIBS OFF)` kabla ya kuingiza mradi: maktaba inaingia ndani ya programu na mjadala umekwisha. Ukilazimika kubaki na `.so`, isakinishe mwenyewe, kisha weka `CMAKE_INSTALL_RPATH` iwe `$ORIGIN/../lib` (`$ORIGIN` ni folda yenye programu yenyewe). Dola hiyo iandike ndani ya CMakeLists.txt; ukiipitisha kwenye tamino (terminal) bila alama za nukuu moja, shell itaimeza.

Njia nyingine ni kuvipa vitu vyako jina la kundi: `install(TARGETS duka RUNTIME COMPONENT programu)`, halafu `cmake --install build --component programu`. Vya wengine visivyo na kundi vinabaki kwenye `Unspecified`. Lakini CPack (chombo cha CMake cha kufungasha), ikitengeneza `.deb` au `.tar.gz`, haijali makundi mpaka uwashe `CPACK_DEB_COMPONENT_INSTALL` au `CPACK_ARCHIVE_COMPONENT_INSTALL`.

Wa Meson hawana kazi kubwa: `meson install --skip-subprojects` (tangu 0.58), au `--tags runtime`, yaani vya kuendeshea programu tu (tangu 0.60). Tahadhari ya `.so` ni ileile; jenga kwa `-Djina:default_library=static`, ambapo `jina` ni la mradi mdogo.

Kabla ya kutuma, sakinisha kwenye folda ya muda:

`DESTDIR=/tmp/tazama cmake --install build`
`find /tmp/tazama -type f`

Pitisha `ldd` (inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazihitaji) juu ya programu uliyoikuta humo, na utafute mstari wa `not found`. Tazama pia leseni: MIT na BSD zinataka tangazo lake liandamane na programu hata maktaba ikiwa imeyeyushwa ndani, na `EXCLUDE_FROM_ALL` huenda imeliacha nyuma. Linakili kwa `install(FILES nje/maktaba/LICENSE DESTINATION share/doc/duka RENAME LICENSE.maktaba COMPONENT programu)`.