Mpeleke mtoto mlangoni

Kila baada ya sikukuu, iwe Idi au Krismasi, napokea ujumbe uleule: "Kaka, watoto walipendeza kweli, ila picha zimetoka giza." Nikizifungua nakuta yaleyale. Watoto wamepangwa sebuleni mbele ya ukuta mweupe, au wametolewa uani saa saba mchana, macho nusu yamefumba.

Kosa la saa saba nalijua, nimelifanya mwenyewe. Mwanangu alipotimiza mwaka nilikuwa tayari nalipwa kwa kazi hii ya kupiga picha, na bado nikamtoa nje jua likiwa utosini. Kwa huku kwetu Dar es Salaam, jua la saa hizo linamwagika juu ya kichwa, na kivuli cha paji la uso kinajaa machoni. Picha ile mama yangu aliisafisha kubwa akaitundika. Nikienda kwake nakaa nimeipa mgongo.

Tiba yake ni mlango. Chagua ule ambao kwa saa hiyo jua haliingii moja kwa moja, uache wazi kabisa. Zima taa za ndani, maana mwanga wa balbu na wa mchana ni rangi mbili tofauti, na shavu moja litatoka la chungwa. Mkalishe mtoto kwenye kigoda ndani ya nyumba, hatua moja kutoka kizingitini, atazame nje. Wewe toka nje, chuchumaa, simu iwe usawa wa macho yake, lakini kaa upande kidogo usije ukauziba mwanga wenyewe. Sasa mtazame machoni. Kwenye mboni utaona kinukta cheupe, na ukisogea karibu utagundua kuwa ni huohuo mlango, mdogo. Kikikosekana, mgeuze uso taratibu mpaka kitokee. Ukuta wa jirani ukiwa wa kijani, uso nao utachukua ukijani. Hamia mlango mwingine.

Tuje kwenye giza. Kamera haijui aliyekaa mbele yake ni nani. Mara nyingi inapima wastani wa kila inachokiona, kisha inavuta picha nzima iende kwenye kijivu cha katikati. Ukuta ukiwa mweupe, inashusha mwanga, na mtoto mweusi anazama. Mlangoni mambo yanageuka: nyuma yake nyumba ni giza, kamera inaongeza mwanga, na uso unapauka. Kwa hiyo gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kitokee kile kialama cha jua, ukitelezeshe. Mbele ya ukuta mweupe pandisha. Mlangoni shusha kidogo, mpaka mng'ao wa paji la uso uonekane kama ngozi, usiwe doa jeupe. Mafuta ya nazi uliyompaka usiyafute, kwenye mwanga laini wa mlango yanapendeza mno. Flashi ndiyo inayoyageuza kuwa madoa. Ya kufuta ni lenzi ya simu, ambayo mara nyingi ina mafuta ya vidole vyako.

Hili la ngozi yetu si geni. Enzi za filamu, maabara nyingi zilisawazisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi ya Shirley. Hata hivyo Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, pale Bamako, alipiga picha za sura ambazo leo zinatundikwa kwenye majumba ya makumbusho, na nyingi alizipigia uani, kwa mwanga wa mchana. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani kwake. Kwa hiyo kanga yako inatosha, ila uikunje jina lisikatike katikati, tusije tukasoma nusu ya tusi.

Usimsogezee simu usoni. Ukiwa karibu mno pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Rudi hatua mbili, na kama simu ina lenzi ya 2x, ile ya kukuza mara mbili, itumie.

Na tafadhali, usimwambie acheke. Mtoto akiambiwa acheke anaonyesha meno tu. Mpe kazi. Mtoto wa dada yangu nilimpa ungo wa mchele achague mawe. Picha nzuri ilikuja alipolipata la kwanza akaliinua kunionyesha. Bonyeza mfululizo, nyingine utafuta usiku.

Ukitaka kuisafisha, usiitume WhatsApp kama picha, inaminywa. Itume kama dokumenti.

Mwaka jana nilimpiga mwanangu picha upya, mlangoni, nikampelekea mama ikiwa kwenye fremu. Aliisifia sana, akaitundika chini ya ile ya saa saba.