Kikundi cha tiba kimepuuza hisia zako? Usipotee kimya kimya

Swali: Tiba ya kikundi ni nini?
Wagonjwa wachache wenye shida inayofanana, mfano sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, wanakaa na mnasihi, yaani mshauri anayeongoza kikundi, kila wiki wanaongea. Inasaidia kweli, kule Uganda vijiji vya Masaka na Rakai waliifanya mwaka 2002, wiki 16, dakika 90 kila kikao, wanawake kivyao wanaume kivyao, na sonona ilishuka sana.

Swali: Mimba yangu iliharibika, nikasimulia, dada mmoja akasema nishukuru nina watoto wengine. Nadeka?
Hudeki. Umefiwa. Na nyie wanavikundi naomba sana, "wenzio wana makubwa", "jikaze", "sali tu yataisha", hizo sio pole, mnamfunga mtu mdomo halafu wiki inayofuata mnauliza mbona haji. Ila mtu akikuuliza kwa upole kuhusu pombe unayokunywa usiku, hapo hujapuuzwa hata kama imekuchoma, ndio tiba yenyewe.

Swali: Basi nimeacha kwenda, si bora nitulie nyumbani?
Hapana. Hili ndilo naliona kila mara na ndilo linaniumiza, mtu anakwazwa siku moja, anapotea, simu hapokei, anarudi baada ya miezi kaletwa na ndugu, usingizi hapati wala chakula hali. Usipotee. Kama huwezi kusema mbele za watu mtumie mnasihi meseji: "Jumanne niliposimulia niliambiwa nishukuru, niliumia, naogopa kurudi." Inatosha kabisa, mnasihi anayejua kazi yake ataongea na wewe pembeni na atalirekebisha kikundini.

Swali: Na kama aliyenidharau ni mnasihi mwenyewe?
Muone mkuu wa kliniki, omba kikundi kingine au unasihi wa peke yako. Ni haki yako. Lakini usipotee.

Swali: Nimeacha na dawa, maana zinatoka kliniki hiyohiyo.
Jamani hapana! Kikundi ni kikundi, dawa ni dawa. Ukikata dawa za sonona ghafla unaweza kupata kizunguzungu, usingizi ukaruka, na ugonjwa wenyewe ukarudi. Nenda kachukue dozi yako hata kama hutaki kumuona mtu wa kikundi, na kama umeshakaa siku kadhaa bila kumeza mwambie daktari kabla hujaanza tena.

Swali: Tangu siku ile nawaza bora nife.
Usisubiri tarehe ya kliniki, usisubiri kesho. Mwambie mtu aliye karibu sasa hivi akupeleke hospitali yoyote, hata usiku, na mkifika mapokezi semeni wazi "anawaza kujiua", msiseme kichwa kinauma.