Vichekesho vya papo kwa papo: yanayosemwa Tabora na ukweli wake

"Hawa hawafanyi mazoezi, wanajisemea tu." Kauli hii husikika sana vikundi vidogo vya vichekesho vya papo kwa papo vinapotajwa, nami inaniuma. Maneno hayajaandikwa, sawa, ila mazoezi yapo. Mwigizaji hufundishwa kumsikiliza mwenzake hadi neno la mwisho, kukumbuka jina alilobandikwa mwanzo wa igizo, na kujua lini atoke jukwaani. Viola Spolin, mwalimu wa maigizo wa Chicago, Marekani, alitunga michezo ya kunoa stadi hizi alipokuwa akifundisha watoto, wengi wao wa familia za wahamiaji, na mwaka 1963 ikachapishwa kama kitabu. Mwanawe, Paul Sills, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa The Second City mwaka 1959, jukwaa la vichekesho la Chicago lililokuzwa na michezo hiyohiyo.

Dhana nyingine: kikundi hubebwa na mmoja mwenye mdomo. Hapana. Anayegombea kila kicheko ndiye anayewakausha wenzake. Tuseme mmoja anaanza, "Mzee, treni ya Kigoma imeshaondoka!" Ukimjibu, "Treni gani? Hapa ni sokoni," umemvunjia nyumba aliyoanza kuijenga. Ukijibu, "Imeondoka na mbuzi wa mahari!" tayari kuna mzee, kuna harusi, kuna mkwe anayesubiri Kigoma, na wa tatu ana pa kuingilia. Kicheko kimetoka kwenye hali waliyoijenga pamoja, wala hakuna aliyetafuta mzaha.

Hapo wengine huteleza tena, wakidhani kukubali alichoanzisha mwenzako ni kuitikia ndiyo kwa kila jambo. Kinachokubaliwa ni hali: treni imekwenda. Wahusika wanaweza kugombana kuhusu mbuzi hao mpaka taa zizimwe.

Idadi ya waigizaji kwenye kikundi nayo haina shida. Hata wawili wanatosha.

Wapo wanaosema mambo haya ni ya Wazungu. Mbinu nyingi za mazoezi zimeandikwa huko, ni kweli, ila kujibizana papo hapo tunakujua. Wanyamwezi wana watani njia nzima ya kuelekea pwani, tangu enzi za misafara. Mtani huweza kushuka kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa humjibu palepale, katikati ya msiba. Hakuna anayewaandikia. Kijana aliyekulia kwenye misiba ya namna hiyo ameshaona kazi hii ikifanywa na mabingwa.

Lakini utani una mipaka, na hili nalisisitiza kwa sababu wengi hudhani papo kwa papo maana yake kila kitu ruksa. Mtani hutaniana na mtani wake. Mtazamaji aliyelipa kiingilio hajaingia utani na wewe. Kwa hiyo kikundi hukubaliana kabla ya onyesho yapi hayaguswi: ulemavu wa mtu, msiba wa jirani, mwili wa binti aliyekaa mbele. Mmoja akiteleza jukwaani, mwingine huingia haraka, akamwita, "Njoo, nyumbani kuna mgeni," na tukio likafungwa hapo.